Mguu wa Kushoto Juu ya Barafu

Ndugu zangu, amani iwe juu yenu, wenye magongo na mlioyaacha nyumbani. Mmeniomba nisimame mbele yenu. Katika chama chetu hiki cha waliovunjika viungo, kusimama peke yake ni shukurani.

Mwanzoni mwa muongo huu wa tisini nilipanda paa la nyumba yetu, Mji wa Kale wa Mombasa, kuziba mvujo kabla ya masika. Bati liliteleza, nami nikalifuata hadi uani. Mguu wa kushoto ulivunjika. Daktari aliuunga vyema, akaniambia nimepona, nikarudi kufundisha jiografia shule ya Tononoka nikitembea kama watu wengine. Ila ngazi. Nikikanyaga vidato viwili vitatu, jasho lilinitoka, nikashuka.

Mamangu alikaa orofani mwa nyumba hiyo, mimi nikiwa na kwangu, na miguu yake ilikuwa imeacha kushuka zamani. Mwazijua ngazi za nyumba zetu: nyembamba, zenye kiza, zimesimama kama ukuta. Basi mama akawa dirishani, mwana uchochoroni. Aliteremsha kwa kamba kile kikapu chake cha kununulia mboga, nami nikamtilia dawa, mkate, hata leso mpya za Biashara Street. Kila alasiri aliniuliza, "Leo wapanda?" Nami nikajibu, "Kesho, inshallah." Nawaambia, si kila anayelitaja jina la Mungu amemtegemea Mungu, wengine tumejificha nyuma yake.

Alasiri moja kikapu kiliteremshwa na mkono usio wake. Jirani alichungulia, akasema mama hawezi kuinuka. Nilizivamia zile ngazi, nikapanda vidato vichache, nikarudi nyuma kwa matako kama mtoto.

Nilikuwa na mwenzangu, mwalimu wa michezo, mtani wangu tangu chuoni tuliposoma Kurani pamoja. Kwa muda mrefu alikuwa akinicheka kwamba nafundisha mito ya barafu, na barafu niijuayo ni ile ya maji ya ndimu. Wiki ile alikuwa akienda Mlima Kenya kwenye mafunzo ya kupanda barafu. Nilipomweleza hakucheka. "Kuna mtu huko huwafundisha watu kuanguka," alisema. "Twende."

Mtauliza: mama yu kitandani, mwana aenda kucheza mlimani? Nilijiuliza hivyo njia nzima. Lakini dawa nilikwisha kuipeleka. Kilichobaki kupelekwa ni mimi.

Mwongozaji wetu alikuwa mtu wa kule kule mlimani, mpole wa sauti, mkali wa macho. Sijaona mwalimu mfano wake. Wengine hutufundisha kupanda, kisha wakatuombea tusianguke. Yeye alianza na kuanguka. Alitugawia sururu ndogo, akatuamuru tujiachie kwenye mteremko wa barafu, tugeuke kifudifudi, tukandamize ncha yake kwa uzito wa kifua hadi tuache kuteleza. Aliteleza kwanza yeye, mbele yetu, ili tuone. Nami, niliyekuwa nikikimbia kuanguka hata usingizini, nikaanguka kwa hiari yangu, mara ya kwanza nikilia, mara ya mwisho nikiomba nirudie.

Kisha ukaja ukuta wa barafu. Tulifungwa meno ya chuma chini ya viatu na kamba kiunoni, ncha yake mikononi mwa mwongozaji. Nilipiga hatua ya mguu wa kulia, nikauvuta wa kushoto ukasimama kando yake; tena kulia, tena kuvuta. Nilikuwa nimeukumbatia ule ukuta kwa mashavu. Akaniambia kwa upole kwamba anayekumbatia barafu huteleza. Nisimame wima, visigino chini, niuamini kila mguu kwa zamu yake. Halafu akauliza, "Mwalimu, mguu wa kushoto una nini?"

Nikamjibu kwamba kwetu ni adabu kutanguliza wa kulia.

Yule mtani wangu alinisikia kutoka chini. "Wa kulia ni wa kuingilia msikitini," alisema. "Wa kutokea ni upi? Hebu toka, bwana. Umekaa humo sana."

Kisha nikautia mguu wa kushoto kwenye barafu, nikausimamia peke yake. Ukanibeba. Kamba ilikazwa kidogo tu, kiasi cha kunijulisha kwamba yupo mtu. Nilifika juu.

Niliporudi Mombasa sikwenda kwangu. Ngazi za mama nilizianza kwa mguu wa kushoto, mguu mmoja kila kidato, visigino chini. Jasho lilinitoka vile vile, nililiacha litoke. Mama alikuwa amelala, macho mlangoni. Alinitazama sana, akanyoosha mkono, akaushika wangu.

"Kikapu chaniletea kila kitu," alisema, "ila huu."

Aliishi miaka mingine, na kila siku nilipanda.

Namshukuru daktari aliyeunga mfupa, mwongozaji aliyeshika kamba, na mtani asiyenionea haya. Mungu awalipe kwa ambayo mimi siwezi kuyalipa. Nanyi ndugu zangu, mliokwisha kupona na bado mwachechemea, wosia wangu ni mmoja: msiupe woga jina la adabu. Kuna mtu orofani anasikiliza kama mnakuja.