Zakayo Munyao na Wodi Isiyomhitaji Tena

Bwana Zakayo Munyao, msimamizi wa Wodi ya Nne, anastaafu Alhamisi, tarehe 30 Novemba 1967, akiwa ametimiza miaka ishirini na tisa na miezi miwili katika utumishi wa afya. Kumi na miwili kati ya miaka hiyo ameitumia hapa Garissa. Yeye mwenyewe hupenda tarehe zitajwe kwa usahihi, kwa hiyo tumeanza nazo.

Aliajiriwa Septemba 1938 kama mhudumu katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Nairobi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kubeba funguo. Alizibeba kwa miaka minane kabla mtu yeyote hajamfundisha jina la ugonjwa hata mmoja. Mwaka 1946 alifuzu kuwa dresa, yaani msaidizi wa tabibu. Mwaka 1955 alipelekwa Garissa kwa miezi sita, hadi apatikane mtu mwingine. Mtu huyo bado anatafutwa.

Utaratibu alioukuta ulikuwa mfupi. Mtu aliyechanganyikiwa akiwasumbua watu alikamatwa, akafikishwa mbele ya hakimu, kisha akawekwa rumande kungoja lori la kwenda Nairobi. Bwana Munyao alihesabu watu arobaini na mmoja waliopanda lori hilo kati ya 1955 na 1963, halafu akaziuliza familia zao moja moja. Tisa tu ndizo zilizokuwa zimepata habari zozote baada ya hapo. Hakumlaumu mtu. Aliandika hesabu hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake na kuipigia mstari.

Hali ya hatari ilipotangazwa Desemba 1963, lori lilianza kungoja msafara wa kijeshi, na msafara nao ukawa unangoja barabara iwe salama. Rumande walikuwamo wagonjwa wanne. Mmoja wao alikuwa Korane, mchunga mifugo wa miaka ishirini na mitano hivi kutoka upande wa Hulugho, aliyekuwa akitembea huku na huku akiongea na watu wasioonekana. Bwana Munyao aliomba apewe ghala tupu na vitanda vinne, akatoa sharti moja: kila mgonjwa aje na ndugu yake, na ndugu huyo afundishwe dawa kama anavyofundishwa dresa. Ghala hilo ndilo Wodi ya Nne.

Mwaka wa kwanza ulikuwa na makosa, na mengi yalikuwa yake. Wagonjwa walipopata nafuu na kuruhusiwa kurudi nyumbani, alikabidhi vidonge kwa mwanamume mkubwa wa kila familia, kama ambavyo angefanya kwao Machakos. Wazee walivipokea kwa heshima, wakavifunga kwenye kitambaa, wakaondoka na ngamia kutafuta malisho. Wagonjwa walibaki nyumbani pamoja na wanawake na mbuzi. Vidonge vya Korane vilitembea hadi karibu na mpaka na kurudi bila kufunguliwa, na kwa muda huo maradhi yake yalikuwa yamerejea. Dada yake, Maka, alikuja hospitalini na kumweleza Bwana Munyao kwa adabu, akimwita adeer kama mtu amwitavyo ami yake: “Adeer, dawa wewe ulipea mtu ya ngamia. Mgonjwa iko na sisi, watu ya mbuzi.” Maneno hayo yamo daftarini jinsi yalivyosemwa, chini ya kichwa “Makosa Yangu”. Tangu wiki hiyo vidonge hukabidhiwa mwanamke anayebaki na mgonjwa.

Kulikuwa pia na shaka, na kwa nyakati zile shaka ilikuwa na sababu zake. Ilisemekana kwamba vidonge ni vya Serikali, vya kuwafanya wanaume watoe siri. Mwaka 1965 Alio, ami yake Korane, alikuja na wazee watatu kutaka maelezo. Bwana Munyao aliona maelezo hayatoshi, akameza kidonge mbele yao. Kabla ya adhuhuri alikuwa amejinyoosha kwenye benchi la wagonjwa, akikoroma. Wazee walikaa kando yake hadi alasiri, wakingoja atoboe siri. Hakutoboa hata moja. “Serkali imelala,” Alio alitangaza alipotoka. “Sasa tunaamini.” Daktari mkuu alimwonya kwa maandishi asirudie, na onyo hilo limehifadhiwa katika faili lake pamoja na pongezi zote.

Jambo gumu zaidi lilikuwa mnyororo. Familia ya Korane ilimfunga kwenye gogo, na si kwa ukatili. Kafyu ilianza saa kumi na mbili jioni, na mtu aliyeonekana akitembea baada ya hapo aliweza kupigwa risasi kabla ya kuulizwa jina. Wenzetu kadhaa walitaka Bwana Munyao aamuru mnyororo ufunguliwe. Alikataa. Alipatana na Maka kwamba ufunguliwe mchana, ufungwe jioni, na kwamba siku ya kuuacha kabisa ataichagua Maka mwenyewe. Maka alichukua miezi mitano kuichagua. Korane hajafungwa tena tangu hapo, hata baada ya familia yao kuhamishiwa katika kijiji kilichozungushiwa seng'enge na kuwekewa walinzi.

Februari mwaka huu ilifika barua kutoka ngazi za juu. Ilieleza kwamba Bwana Munyao atastaafu Novemba, kwamba hakuna msimamizi mwenye sifa aliye tayari kuletwa huku, na kwamba kwa hiyo Wodi ya Nne itafungwa na wagonjwa wake kumi na mmoja wapelekwe Nairobi. Sote tuliijua hesabu ya ukurasa ule wa kwanza. Tulimshauri aombe kuongezewa mkataba. Alijibu kwamba kazi inayokufa mtu mmoja akiondoka haijaanza kufanyika, akaomba likizo yake yote iliyolimbikizwa, siku themanini na nne kuanzia tarehe 3 Julai. Hakuacha maagizo zaidi ya yaliyomo daftarini, na aliomba asiandikiwe.

Wiki ya tatu ya likizo hiyo Alio alimwona Korane mnene na mcheshi, akamwambia dawa basi. Siku mbili baadaye Maka alikuwa hospitalini: Korane halali, na jioni anazunguka kando ya seng'enge, mlinzi amekwisha mfokea mara moja. Zamu ilikuwa ya Madina Bonaya, dresa kijana kutoka Wajir. Baadhi yetu, na tunakiri hapa, tulitaka simu ya upepo ipigwe Machakos, alikokuwa likizoni. Madina hakuona haja. “Bwana Munyao akija atafanya nini? Atamuuliza Maka. Na mimi naweza kumuuliza Maka.”

Asubuhi hiyohiyo alikwenda kijijini.

“Kijana imepona,” Alio alimwambia. “Dawa ni ya mgonjwa.”

“Na ngamia akinywa leo, mzee, humpeleki tena kisimani kwa sababu hana kiu?”

“Wewe na huyu Maka mmekula njama,” Alio alisema, akaagiza maji yaletwe, na Korane akameza kidonge mbele yake. Tangu siku ile vidonge hutunzwa na Maka, na Alio husimama kando kila jioni kuhakikisha vinamezwa. Utaratibu huo haukuwamo daftarini. Usiku wa tisa Korane alilala hadi alfajiri.

Bwana Munyao aliporudi alizisoma kurasa ambazo Madina alikuwa ameziandika daftarini, akiwa amesimama. Aliuliza swali moja tu: kwa nini dozi ya Korane imeongezwa nusu, wakati yeye angeiongeza maradufu? Madina alijibu kwamba Maka alisema nusu inatosha. “Basi ningekosea,” alisema, akalifunga daftari na kumrudishia.

Mkaguzi kutoka ngazi za juu alifika tarehe 17 Oktoba kuona kama wodi inaweza kuendelea. Alizungumza na Madina na Maka, na kwa ombi la Bwana Munyao mwenyewe, hakuzungumza naye. Barua ya pili ina tarehe 6 Novemba: wodi itaendelea, Madina Bonaya ataisimamia, na wagonjwa wote kumi na mmoja watabaki karibu na jamaa zao. Imekuja siku chache baada ya habari za mapatano ya Arusha ya kukomesha vita vya mpakani, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne tunapanga mambo ya mwaka ujao bila kushusha sauti.

Alhamisi iliyopita ilikuwa kliniki yake ya mwisho. Foleni yote ilikwenda kwa Madina. Bwana Munyao aliinuka mara mbili kusaidia, na mara ya pili Maka alimrudisha kwenye benchi. “Ukae tu, adeer. Leo hii si kazi yako.” Alikaa. Tuliokuwa karibu tulimsikia akishusha pumzi ndefu, na hatukuwahi kuisikia kwake kabla ya siku hiyo.

Bwana Munyao, Wodi ya Nne inakushukuru. Tunakutakia afya, mvua ya kutosha kwenye shamba lako la Machakos, na miaka mingi ya kukaa hivyo, bila mtu kukuita.