Rafiki Huvaa Rangi Gani?

Mnaniudhi. Kila mkija likizo mnaning'ang'ania, Bibi tuandikie ile ya Jaji na tangazo, kama vile mimi ndiye niliyesomeshwa. Shule mmemaliza ninyi, mimi niliishia darasa la tatu, na kalamu bado mnanishikisha mimi. Haya. Ila asicheke mtu, kwa sababu mle ndani kuna mwanamke aliyetolewa nyumbani kwake.

Benchi letu lilikuwa nje ya duka la ramu, linatazamana na bomba la kijiji. Mimi nilikuwa nauza chai ya kakao na maandazi pale pembeni, na wazee watatu walikuwa wanaumaliza mchana wao kwa kikombe kimoja kimoja. Jaji tulimwita hivyo kwa sababu aliwahi kuitwa mjini Castries kukaa kwenye baraza la mahakama, akarudi na Kiingereza kingi. Wa pili, tuliyemwita Redio, hakuwahi kukosa matangazo ya vifo hata siku moja. Nabii alikuwa anaota namba za bahati nasibu ambazo hazikutoka. Hapa kwetu tunagombana na kupendana kwa Kikreoli. Kiingereza ni cha kanisani, cha mahakamani, na cha kufia. Ukifa, redio inakutangaza kwa Kiingereza mchana baada ya habari, inataja ndugu zako wote kwa mpangilio, na kijiji kizima kinaacha jembe kusikiliza. Kwa watu wasio na cheti cha ndoa, tangazo lile ndilo cheti. Ukitajwa juu, unakaa kiti cha mbele kanisani na funguo za nyumba zinabaki kwako. Ukitajwa chini, shauri yako.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya Benwa Mondesir, fundi mawe. Alikuwa ameishi na Eudovia tangu wote wawili wana meno kamili. Hawakufunga ndoa, hawakujaliwa mtoto, lakini nyumba waliijenga pamoja kwenye ardhi ya akina Mondesir. Mawe aliyabeba Eudovia mwenyewe kichwani kutoka mtoni. Dada wa marehemu, Hermina, alikuwa amefika kutoka London na masanduku manne na kofia.

Tukasikiliza. Kaka wa Hermina wa London. Mjomba wa fulani na fulani. Binamu wa huyu na yule. Baba wa ubatizo wa watoto saba. Halafu, mwisho kabisa, kabla ya wale wengi wasioweza kutajwa mmoja mmoja: "friend" wa Eudovia.

Redio akazima redio. Sijawahi kumwona akizima.

— Friend? akasema. Yaani rafiki? Kama mimi na muuza samaki?

— Ni neno zuri tu, Jaji akasema, akipuliza chai yake.

— Huwa wanasema "companion". Miaka yote. Mwanamke wa nyumbani ni "companion", na anatajwa juu, mbele ya madada. Mimi nimezika watu elfu kwa masikio haya, usinifundishe.

— Redio, mzee mwenzangu, Kiingereza kina maneno mengi kuliko haja. "Friend", "companion", yote ni mtu unayekwenda naye. Kamusi inaeleza moja kwa kutumia jingine. Ni kama kuchagua kikombe cha bluu au cha kijani, chai ni ileile.

— Basi si wangechagua cha bluu?

— Kwani vina tofauti gani?

— Kama havina tofauti, nikamwambia mimi, kwa nini mtu alihangaika kubadilisha?

Jaji akanywa. Moto, lakini akanywa.

Nabii alikuwa amefumba macho.

— Mnazungumzia walio hai, akasema. Mfikirieni Benwa. Marehemu husikiliza tangazo lake. Pale alipoambiwa ana mke, ndipo anapokuja kuaga usiku wa nane wa matanga. Sasa ameambiwa Eudovia ni rafiki. Atapiga hodi mlango gani?

— Acha kutupiga kamba, Nabii.

— Atalala London huyo. Kwenye baridi. Fundi mawe wa watu.

— Hana hata koti, Redio akasema, na ninaapa hakuwa anatania.

— Na ardhi nayo inasikia, Nabii akaendelea. Jiwe alilobeba rafiki si jiwe alilobeba mke. Nyumba ile itaanza kupasuka.

— Ninyi wawili mna wazimu, Jaji akasema. Neno! Neno tu! Kule redioni hawakutozi zaidi kwa hili wala lile, yote ni neno moja moja.

Hapo Redio akageuka polepole.

— Umejuaje wanatoza vipi, Jaji?

Pale bombani Philo, mwanamke wa nyumbani kwa Jaji, naye bila cheti cha ndoa, alikuwa anakinga maji. Ndoo ilikuwa imejaa zamani, maji yanamwagika miguuni, naye hafungi. Mimi nikatazama chini, nikaona nilichokuwa sijakiona asubuhi yote.

— Jaji, nikasema, viatu vizuri hivyo. Vya London?

Akavivuta chini ya benchi. Vya kahawia, kamba mpya, ngozi inang'aa kama kichwa cha padri.

— Hermina hajui kuandika matangazo ya huku, akasema. Aliniomba msaada. Akasema nitafute neno ambalo halitamletea matatizo na ardhi ya familia. Nikampa. Ma Zeli, usinitazame hivyo. Sikusema uongo. Maana ni ileile!

— Mlafi wee.

— Maana ni ileile, nakwambia!

Ndipo Eudovia akatokea njia ya kanisani. Alikuwa ametoka kwa mshonaji, gauni jeusi limelala mkononi, bado lina nyuzi za kushikizia. Hakuwa analia. Alisimama mbele ya benchi kama mtu aliyekuja kuuliza njia.

— Jaji, wewe unakijua Kiingereza, akasema. Mke huvaa nyeusi. Ndugu huvaa nyeusi na nyeupe. Rafiki huvaa rangi gani?

Jaji akainamia kamba za viatu vyake. Redio akaangalia redio yake. Nabii, mwenye majibu ya walio hai na waliokufa, akaanza kuhesabu vidole vyake.

— Nauliza tu, Eudovia akasema, kwa sababu mshonaji hataki kulipokea tena.

Nilikamata sufuria nimmiminie chai. Nikapata mashapo matupu. Akasema haidhuru, shoga, akaondoka na gauni lake.

Alilivaa. Alikaa kiti cha nyuma karibu na mlango, peke yake mwenye nyeusi tupu katikati ya marafiki, na Hermina alikaa mbele na wavu usoni akipokea pole za kijiji kizima. Mimi mwenyewe nilimpa mkono. Ndiyo, nilimpa, foleni ilikuwa inasukuma, na sote tulipita hivyo hivyo. Kabla ya usiku wa nane kitasa kilikuwa kimebadilishwa. Eudovia akatoka na kapu, na godoro, na mwiko wa Benwa wa kujengea, ambao Hermina hakujua ni wa nini.

Hakwenda mbali. Alikwenda kwa Philo.

Maana Philo siku ile ya bombani alifunga maji, akabeba ndoo mpaka nyumbani, akamsubiri mzee wake, Jaji. Jirani alisikia yote.

— Ferdinand, siku ukifa mimi nitaandikwa nani?

— Mama Philo, jamani, si nimeeleza? Maneno hayana tofauti.

— Vizuri. Basi mimi ni rafiki. Na rafiki hamfulii rafiki chupi.

Akachukua sufuria zake, akarudi kwenye kibanda alichoachiwa na mama yake, na huko ndiko anakoishi na Eudovia mpaka leo. Jaji alikwenda kubisha mara nyingi, na kamusi, na bila kamusi. Alikwenda hadi kwa padri kuomba tarehe ya ndoa. Padri alimuuliza bibi harusi yuko wapi.

Viatu viliisha soli zamani. Jaji mwenyewe, kila Jumamosi, mzee wa miaka sabini na ushee, anachuchumaa bombani mbele ya wanawake wote wa kijiji na kipande cha sabuni, anafua chupi zake mwenyewe. Philo akifika na ndoo anasubiri zamu kwa adabu. Kisha anamsalimia kwa Kiingereza safi, kama redio:

— Good morning, friend.

Naye lazima aitikie.