Heshima ya Kumkalisha Ngosha

MASALU: Haloo, stoo ya pamba Nyakato! Nani mwenzangu?

JUSTA: Shikamoo shemeji. Ni Justa.

MASALU: Marahaba! Ongea kwa nguvu, simu inakwaruza. Mdogo wangu anaendeleaje?

JUSTA: Nipo kwenye simu ya kadi, nje ya hospitali. Shemeji, jana nilipotoka kupika uji, nani alimkalisha Ngosha kitandani?

MASALU: Mimi hapa! Na Chenge wa hapa stoo. Baba yako alikuja kumwona. Sasa mkwe mzima asalimiwe na mtu kalala chali? Sisi si watu ovyo.

JUSTA: Baba haoni, shemeji. Anashikwa mkono.

MASALU: Masikio anayo! Angesikia salamu inatokea chini—

JUSTA: Kweli. Mmeokoa ukoo.

MASALU: Ndiyo nakwambia! Tulimwegemeza kwenye mito, akasalimia vizuri, ingawa jasho lilimtoka.

JUSTA: Jasho la adabu hilo. Na daktari alisemaje siku ile Ngosha alipoanguka kwenye lori?

MASALU: Asikalishwe. Ageuzwe na watu watatu, kama gogo. Lakini madaktari wanajua nini mambo ya wakwe?

JUSTA: Alisema uti wa mgongo haujakatika. Umevimba ndani, unabana mishipa ya fahamu. Uvimbe ukishuka, huenda miguu ikarudi.

MASALU: Uvimbe si unachuliwa? Kesho naleta pikapu, tumpeleke Bujora kwa yule mzee wa—

JUSTA: Pikapu! Juu ya mashimo yale! Na ngoma mbebe, acheze kabisa. Kwanza mlimpandisha juu ya marobota, lori linaondoka, eti wanunuzi binafsi hawangoji mtu. Sasa na ninyi hamngoji!

MASALU: Unanidharau, shemeji? Mimi ndiye mkubwa wake.

JUSTA: Ndiyo maana nakupigia wewe, mkubwa. Juzi alichezesha kidole gumba cha mguu. Nilikiona. Nililia mpaka nesi akanitoa nje.

MASALU: Eeh! Na hukusema! Mbona habari njema hiyo! Sasa leo—

JUSTA: Leo asubuhi daktari kamchoma sindano kwenye unyayo, kumpima kama anahisi. Ngosha anamwuliza, "Utaanza lini?"

MASALU: (mashine zinanguruma)

JUSTA: Haloo?

MASALU: Nipo.

JUSTA: Pikapu?

MASALU: Haiji. Shemeji... kitarudi hicho kidole? Daktari kasema—

JUSTA: Kasema tungoje. Kadi inaisha hii. Baba kanituma nikwambie, yeye angeinama tu asalimiwe—

(Simu inakatika.)