Mhandisi Kristina Msimbe, Msomaji wa Umeme wa Ubongo

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, masista, ndugu, jirani, na ninyi mliopanda mlima huu kwa barabara yake mnayoijua: wasifu huu umeandikwa na Fidelis Banzi, mjomba wa marehemu, na ndiye anayeusoma. Familia iliomba maneno ya upole. Ya upole yatakuwepo.

Marehemu Kristina Stefano Msimbe alizaliwa tarehe 14 Machi 1986 hapa Matombo, akiwa mtoto wa kwanza wa Stefano Msimbe na Editha Banzi. Masika ilikuwa imekata barabara, hospitali ikawa haifikiki, hivyo bibi yake mzaa mama, Filomena, ndiye aliyempokea kwa mikono yake. Alibatizwa Pasaka ya mwaka huohuo. Alikuwa mtoto wa maswali, na bibi yake alizoea kusema kwamba huyu akishiba chakula bado ana njaa ya maneno.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1994 katika shule ya msingi ya hapa kijijini. Juni 1997, siku ya maandamano ya Ekaristi, alianguka kifafa kwa mara ya kwanza. Alikuwa darasa la nne, amevaa gauni jeupe, amebeba kikapu cha maua. Maandamano yaligawanyika kama maji yanavyolizunguka jiwe, watu wakapita kushoto na kulia wakiimba, na mtoto akabaki chini peke yake mpaka bibi Filomena alipofika kutoka nyuma kabisa, na miguu yake ilikuwa mibovu. Tangu siku hiyo Kristina alikaa dawati la mwisho peke yake. Alitengewa sahani na kikombe. Bibi alivitupa vyombo hivyo chooni, akatangaza kwamba nyumbani kwake watu wanakula sinia moja, na asiyetaka akale kwake.

Kristina hakurudi nyuma. Alipelekwa kliniki mjini, akaanzishiwa dawa, akazinywa kila siku kwa uaminifu. Alimaliza darasa la saba mwaka 2000, kidato cha nne mwaka 2004 na kidato cha sita mwaka 2007. Alisomea uhandisi wa umeme Dar es Salaam hadi mwaka 2011, na mwaka 2015 akapata shahada ya uzamili ya uhandisi wa vifaa tiba huko Nairobi. Alipoulizwa kwa nini umeme na siyo udaktari, alijibu kwamba madaktari wapo wengi, lakini mashine zikiharibika hufunikwa shuka na kusubiri Yesu arudi.

Kazi aliianzia katika hospitali moja mjini Morogoro, kutengeneza mashine. Kuanzia mwaka 2016 alikuwa mtafiti katika maabara mjini humo humo. Wenzake wanasimulia siku umeme ulipokatika mwaka 2018 na jenereta ikagoma, huku seli walizokuwa wakizikuza kwa miezi mingi zikipoa ndani ya kabati la joto. Kristina alizitoa chupa zenye seli hizo, akazifunga kwa khanga mgongoni kama mtoto mchanga, akavaa sweta juu yake, akawa anatembea ukumbini taratibu. Alisema, "Seli zinataka joto la mwili, na mwili ninao." Zilipona. Bosi wake alimwita mama watoto hadi mwisho.

Lakini kazi ya moyo wake ilikuwa ubongo. Ubongo wa kila mmoja wetu hapa unafanya kazi kwa umeme mdogo sana, na mtu akipata kifafa umeme huo huchafuka kwa muda, kisha hutulia. Mashine ya kuupima ilikuwepo mjini, ila kofia yake ilitengenezwa kwa nywele laini za wenzetu. Juu ya vichwa vyetu visahani vyake vidogo vya chuma, vinavyonasa umeme, vilielea tu, na mashine ikachora takataka. Ushauri uliotoka ng'ambo ni kwamba wagonjwa wanyolewe. Nani akanyoe wanawake wa Uluguru wakati hakuna aliyefiwa? Kristina akashika kitana. Aliwasuka wagonjwa mistari iliyonyooka, akavibandika visahani kwenye ngozi katikati ya mistari, kisha akabuni kofia ya kitambaa inayofuata njia hizohizo, inayotumia betri na kubebeka mgongoni hadi kijiji kisicho na nguzo ya umeme.

Mama mmoja wa Kinole alimkemea. "Mhandisi, mwanangu anaumwa, halafu unamsuka twende kilioni, nywele za msiba? Unanitakia nini mimi?"

"Mama, mistari yake imenyooka, nami nataka hiyo tu," Kristina alimjibu. "Wewe uite twende harusini, mashine haijui."

Alizunguka milima hii na kofia yake. Kila alipompima mgonjwa, alimkalisha na ndugu mzima pembeni, naye akampima, ili watu waone kwa macho yao mawimbi ya wote wawili. Aliwaambia kwamba kifafa ni umeme, na umeme huo hauvuki kwa mate, wala kwa povu, wala kwa sahani. Mlimsikiliza. Mlipiga makofi, mkanywa soda, mkarudi majumbani, na sahani ya mgonjwa ikabaki pale pembeni ilipokuwa.

Tarehe 23 Mei 2015 alifunga ndoa takatifu na mwalimu Rogers Mwambene, mwalimu wa hesabu kutoka Mbeya. Kabla ya posa alimkalisha chini akamweleza habari zake zote. Rogers hakukimbia. Aliuliza swali moja: "Ukianguka nifanye nini?" Akajibiwa, "Nilaze ubavu, usinitie kijiko mdomoni, kaa na mimi mpaka niamke." Rogers anasema hayo ndiyo masomo mafupi kuliko yote aliyowahi kusomeshwa, na alifaulu. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Glory, mwaka 2016.

Kuhusu ugonjwa wake: dawa zilimweka vizuri, na kwa miaka mingi hakuanguka. Mwanzoni mwa Agosti mwaka huu alishikwa na malaria, na homa huweza kukiamsha kifafa hata kwa anayekunywa dawa. Alipopata nafuu alirudi kazini upesi mno, na mumewe alimgombeza kwa hilo.

Siku ya Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025, alikwenda upande wa Mlali kumtembelea Esther, mkulima wa nyanya anayeumwa kifafa, ambaye alikuwa amempima mwaka uliopita. Akipita kwenye bustani za mboga alianguka, kifudifudi, ndani ya mfereji wa kumwagilia. Maji ya mfereji ule hayafiki kwenye kifundo cha mguu. Watu wazima walikuwepo, wanaume kwa wanawake, wenye afya na majembe mikononi. Walimwona. Walikuja wakasimama ukingoni. Mmoja akasema, "Msimguse, mate yake yakikurukia na wewe umepata." Mwingine akasema, "Subirini kimwachie." Wakasubiri. Hakuna aliyemchukia, wengine walikuwa wanalia. Walisimama wakalia huku uso wa mtu ukiwa ndani ya maji.

Esther alikuwa shamba la mbali. Aliposikia makelele alikuja mbio, akaingia mferejini, akamgeuza, akamlaza ubavu, akampangusa povu kwa upande wa khanga yake, akaita jina lake. Alikuwa amechelewa. Esther huyo, mgonjwa wa kifafa, ndiye pekee aliyemgusa. Daktari ametuambia kwamba kilichomuua ni maji. Basi isisemwe popote, wala kwenye vilabu vya pombe, wala kwenye jumuiya, kwamba Kristina ameuawa na kifafa. Kifafa kingemwachia baada ya dakika chache, angekaa, angeomba maji ya kunywa, angeona aibu kidogo, angeendelea na safari.

Na hayakuishia hapo. Jumatano wazee wawili wa hapa hapa Matombo, si wa Mlali, walikuja kwa mjomba wake usiku usiku wakiwa na sauti za chini. Walisema, "Fidelis, huyu azikwe kule bondeni kando ya mto, asichanganywe na wenzake. Na jeneza lisifunguliwe, kuna watoto." Waliotakiwa kuuosha mwili walikuwa wameletewa mifuko ya nailoni wavae mikononi. Mwanamke aliyekuza seli mgongoni mwake, aliyeshika vichwa vya watoto wenu akavisuka mstari kwa mstari, mnamvalia nailoni?

Nimechoka kujiita "mjomba wake". Ni mimi, Fidelis, na nina hasira, na Baba Paroko atanisamehe. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la kaburi ni la mjomba. Nimelisema. Kristina analala hapa juu, ubavuni mwa bibi yake Filomena, na shimo mmeliona. Mifuko ya nailoni niliichoma. Mama yake na shangazi zake wamemwosha kwa mikono mitupu, wamemsuka, wamemvalisha gauni jeupe, na hakuna aliyeanguka.

Marehemu ameacha wazazi wake, Stefano na Editha. Mume wake, mwalimu Rogers. Mdogo wake, Jastin. Mimi mjomba wake. Wagonjwa waliokuwa wakimngoja katika vijiji vya mlima huu. Na binti yake Glory, mwenye umri wa miaka tisa. Nyumbani tumekubaliana hili nalo lisemwe hadharani. Glory naye huanguka. Ameanza mwaka jana. Anasoma shule mjini, likizo anakuja hapa, anapita kwenye mifereji yenu na njia zenu, na mama wa kumkimbilia hana tena. Wa kumkimbilia ni ninyi. Mmesikia la kufanya, limetajwa mara mbili katika karatasi ya wasifu huu mliyoishika.

Bwana ampe mtumishi wake raha ya milele, na mwanga wa milele umwangazie. Alale kwa amani mtoto wetu. Jeneza litafunguliwa sasa. Hatutaaga kwa kupita mbali tukiinamisha vichwa. Kila atakayepita atamshika Kristina mkono, mkono mtupu, kisha atamshika Glory, aliyesimama pale na baba yake. Najua wapo kati yenu waliosimama ukingoni siku ile, kwa sababu mmekuja na basi la msiba kutoka Mlali na mmekaa pamoja kule nyuma. Sitawataja. Mstari wa kuaga unaanza na ninyi. Karibuni mbele.