Muhindo Élie: Uvimbe wa Ubongo, Si Mkono wa Mtu

Ndugu, marafiki na wakristo wenzetu, tusikilizane upesi, maana upande wa Kapalata risasi zinalia tangu asubuhi.

Papa Muhindo Élie alizaliwa tarehe 14 Machi 1955 kule Lubero. Alisoma shule ya msingi kwa mapadri mpaka darasa la sita: wa kwanza kwa hesabu, wa mwisho kwa kuimba.

Mwaka 1979 alifika Kisangani na magunia ya maharagwe, akafungua duka la jumla la maharagwe na samaki.

Tarehe 7 Julai 1984 alifunga ndoa na Mama Julienne, binti wa wavuvi wa maporomoko. Shemeji zake walipomupandisha mtumbwi, alianguka majini na viatu vyake vya ndoa. Julienne akamwambia, "Élie, wewe uza samaki tu, kukamata utuachie sisi!" Alicheka hayo miaka kumi na sita.

Oktoba 1999 kichwa kilianza kumuuma kila asubuhi. Akatapika, mkono wa kushoto ukalegea. Homa, hakuna. Ndipo maneno yakaanza: ugonjwa bila homa ni wa kutumiwa kwa uchawi, na aliyeutuma ni Julienne, ndani ya samaki aliyompikia. Februari, Élie alipanda ndege ya mizigo mpaka Butembo, akaendelea Kampala kupigwa picha ya kichwa. Ilionyesha uvimbe ndani ya ubongo. Aliporudi, muganga Alphonse wa hospitali alitueleza mbele ya Tonton Zéphirin, mdogo wa baba yetu:

"Hii uvimbe ilizaliwa mu mwili yake mwenyewe. Iko inatuma neno kwa waaskari ya damu: 'Mimi niko mutu ya nyumba, mulale.' Wanalala. Wengine wanageuka walinzi yake. Alors, homa itatoka wapi?"

Tonton akauliza, "Bon, na nani aliitia mule?"

"Hakuna mutu, papa."

Mei mabomu yalifunga barabara, dawa ya maumivu ikakwisha. Élie alifariki tarehe 27 Mei 2000, saa tisa mchana, mkono wake ndani ya mkono wa Julienne.

Jana Tonton aliniamuru nifute jina la Julienne katika karatasi hii. Vijana wa ukoo nao wamemwambia Julienne tukitoka makaburini atafute pa kwenda. Tonton, heshima yako ninaitunza, lakini picha uliiona kwa macho yako.

Ameacha mke wake, MAMA JULIENNE, watoto wao Katungu, Mbusa na Laurette, Tonton Zéphirin, na mimi dada yake, Kaswera.

Kaka yetu apumzike kwa amani ya Mungu. Na leo Julienne atalala nyumbani mwake. Mimi nitatandika mkeka wangu mlangoni.