Bi Rangi, Aliyeikana Rangi Yake Mwenyewe

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimzoea kwa jina la Bi Rangi, alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya gereji. Alikuwa mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga.

Alianza shule mwaka 1968. Alikuwa mdadisi hadi walimu wakachoka. Mwaka 1981 aliingia chuo kikuu kusomea kemia, na humo maabarani ndimo alimozeekea.

Mwaka 1987 fundi majokofu aliitwa kutengeneza jokofu la maabara. Wiki iliyofuata akarudi.
"Mbona jokofu ni zima?" dada akamuuliza.
"Ndiyo nimekuja kuhakikisha."
Walifunga ndoa tarehe 3 Septemba 1988. Bibi harusi alisugua vidole siku tatu, lakini rangi ya chungwa ya maabarani ikagoma kutoka. Mama mkwe akamnong'oneza, "Mwanangu, hii haiambukizi?"

Kazi yake ilikuwa kutengeneza rangi zinazong'aa chini ya hadubini: moja ioneshe seli zinazokufa, nyingine ioneshe palipo na uvimbe. Mwaka 2005, baada ya miaka tisa, rangi ya uvimbe iling'aa. Wakampongeza, na cheo kikawa njiani. Kisha mama aliyeosha vyombo akamwambia kwamba sabuni mpya haitoki vizuri kwenye vyombo. Dada akarudia jaribio kwa vyombo visafi. Giza tupu. Kumbe kilichoing'arisha rangi ni mabaki ya sabuni.

Mkuu wake akamwambia, "Nyamaza, nani atajua?"
"Mimi nimeshajua. Na mgonjwa atakayetibiwa kwa uongo wangu atajua kwa mwili wake."

Alisimama mbele ya wenzake akayafuta matokeo yake. Cheo kikaota mbawa. Nyumbani alilia siku mbili, ya tatu akavaa koti jeupe akaanza upya. Mwaka 2009 rangi zote mbili zilifanya kazi, safari hii bila sabuni. Kwa rangi hizo, madaktari waliweza kujua kama figo iliyopandikizwa inakufa, au imevimba tu na bado inaokoleka.

Novemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Daktari, mwanafunzi wake wa zamani, alianza kuzungukazunguka kwa maneno. Dada akamshika mkono: "Mwanangu, niambie ulichokiona, si unachokitamani." Akaambiwa. Akashukuru, akaomba chai.

Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, saa nne asubuhi, mumewe akimsomea gazeti. Shemeji alisoma ukurasa mzima ndipo akatambua kwamba hasikilizwi tena.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, kaka wawili, na wanafunzi wasiohesabika ambao hadi leo wanaogopa kumwonesha chombo kichafu.

Dada, pumzika sasa. Umechoka kwa halali.