Sukari Niliyokatazwa

Shukrani zote zimrejee Mwenyezi Mungu, ndugu zangu, aliyeniachia pumzi mpaka leo nikaweza kushika kalamu. Naandika kama nisemavyo. Nimesoma chuo cha Kurani tu, na asiyependa maandishi yangu akasome ya mwengine.

Mimi ni mjane, mkaazi wa Kikwajuni, nina wajukuu, na nina ugonjwa wa sukari. Nataka kushuhudia namna Mola alivyonirejesha kutoka mlangoni pa kaburi, kisha akanitoa na kitandani, kwa mkono wa mtu niliyekuwa nikiamini kuwa ndiye anayeniua. Sitaki kuonewa huruma. Nasema kwa sababu nawajua wanawake wa mji huu ambao saa hii wamelala, miguu imevimba, wameambiwa mgonjwa ni wa kulala, na wao wakaamini.

Nilipopatikana na maradhi haya, daktari aliniambia nichomwe sindano kila siku, niache vitu vitamu, na nitembee. La sindano nilikubali, maana niliona nafuu. La kuacha halua nilikubali kwa uchungu. La kutembea nililikataa pale pale. Mtu mzima na heshima zake avae buibui, azunguke mitaa hana anakokwenda, watu wamuulize, Bi Mize, umepotewa na kuku? Tena nilijiuliza, tangu lini mgonjwa akaambiwa dawa yake ni kuchoka? Mtu akikwambia hivyo, mtazame mara mbili.

Basi nikakaa. Kisha mume wangu akafariki, Mungu amrehemu, nikaingia edani, na huko ndiko nilikokaa kweli kweli.

Ndugu zangu, sharia inasema mjane asitoke ovyo na asijipambe. Hayo ndiyo. Lakini sisi tunazidisha yetu: mjane asiinue ndoo, asishike ufagio, asipike, akae kitandani watu wamhudumie. Nikaletewa uji kitandani, maji kitandani, beseni la kunawia kitandani. Nikila nimekaa, nikalala, nikaamka nikala tena. Magoti yakakaza kama mlango uliovimba kwa mvua. Hata sala nikawa naisali nimekaa. Sijida yangu ilikuwa kuinamisha kichwa tu, paji la uso halifiki popote, na hilo liliniuma kuliko miguu.

Kwa kuwa sitoki, nesi alikuwa akija nyumbani asubuhi. Jina lake Salma, kijana, ana saa mkononi, na mimi mtu mwenye saa mkononi simwamini, kwa sababu ukimwona anaangalia mkono wake ujue anataka kwenda zake. Alikuwa akinichoma sindano, kisha anatia mkojo wangu katika kichupa chembamba pamoja na dawa ya buluu, anachemsha juu ya taa ndogo ya spiriti. Buluu ikibaki buluu, hamna sukari. Ikigeuka kijani, ipo kidogo. Yangu kila siku ilikuwa ikigeuka rangi ya tofali.

"Bibi, inuka japo uzunguke uwani," akiniambia.

"Niko edani."

"Uwani si ndani ya nyumba yako? Eda haikukatazi."

Binti wa jana anifundishe eda!

Aliyekuwa akinihudumia ni wifi yangu, Bi Mwanakheri, dada wa marehemu mume wangu, aliyetoka kwao Makunduchi kuja kukaa na mimi mpaka eda iishe. Mnajua utani wa mawifi. Tulikuwa tukitupiana maneno toka nilipoolewa. Mwanzo alinihudumia vizuri, akinishika kwapani kunipeleka chooni, akinirejesha. Kisha akabadilika. Siku moja nilimwita anisogezee kata ya maji, akasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Maji yako mtungini, wifi. Mtungi uko ukumbini. Ukumbi haukuhama."

"Miguu haina nguvu."

"Ulimi je? Maana huo nauona mzima."

Toka siku hiyo kila kitu kikawa mbali. Mswaki wangu uwani. Msala wangu wa kusalia chumba cha pili. Nikimwita, "Naam, nnakuja," na haji. Nikaanza kumtazama. Dada wa mume, na nyumba ni ya kaka yake. Mimi nikifa, nani anabaki humu? Na jirani yangu Bi Zuena, aliyekuwa akija kunitazama kila jioni, aliniongezea.

"Shoga, yule wifi yako anakuangalia kama fundi anayekata sanda. Chunga unachokula."

Nikachunga. Jioni moja, nimelala nimefumba macho nusu, nikamwona kupitia mlangoni amekaa mbele ya sufuria ya uji wangu. Akafungua pindo la kanga yake, akatoa kitu kwa ncha za vidole, akakitia ndani, akakoroga. Halafu akatazama nyuma. Uji ulipokuja nikasema nimeshiba. Usiku sikula. Asubuhi akaleta muhogo, nikauficha chini ya mto.

Nesi Salma akaja, akauliza kama nimekula. Nikasema nitakula. Akanichoma, akasema, "Kula sasa hivi bibi, sindano hii haikai na njaa. Na siku ukijiona unatetemeka, jasho la baridi linakutoka, upesi lamba sukari."

Ndugu zangu, mwenye sukari anaambiwa alambe sukari. Nikajua kabisa, na huyu yumo. Tena alipotoka nikawasikia ukumbini, yeye na wifi, wananong'ona.

Hapo ndipo nilipoamua kuinuka. Sikuinuka kwa ajili ya daktari wala nesi. Niliinuka nipike mwenyewe nile cha mkono wangu. Bi Mwanakheri alikuwa na ndoo kwenye mfereji wa mtaa, anakinga maji. Nikashika ukuta, nikafika uwani. Jiko limejaa majivu ya jana, nikainama nikalizoa. Uwanja mchafu, nikachukua ufagio wa chelewa nikafagia, maana mimi sipiki penye uchafu. Nikapasua kuni. Nikavunja nazi, nikakalia mbuzi, nikaanza kukuna. Ghadhabu ndiyo iliyonitia nguvu. Kazi ya miezi niliifanya asubuhi moja, tumbo tupu, na sindano imo mwilini.

Nazi haikufika nusu. Mikono ilianza kutetemeka, nikaona ni ghadhabu tu. Jasho likanitoka, baridi kama maji ya kisima, na jua lilikuwa kali. Moyo ukaenda mbio. Kisha ukuta wa uwani nikauona unakwenda mbali, na ulimi ukawa mzito kama umelala. Nikaanguka pale pale ubavuni mwa mbuzi, nazi mkononi. Nikasema moyoni, nimekula nini cha yule mwanamke? Sikula kitu. Basi hii si sumu, hii ni sihiri. Nikaanza kuleta shahada.

Nilisikia ndoo inatupwa. Bi Mwanakheri akapiga magoti, akanitazama usoni, akakimbilia ndani, akarudi na bakuli la maji. Akanishika kidevu. Tone likanigusa mdomo, nikatambua utamu. Sukari tupu! Nikauma meno, ndugu zangu, nikayauma kwa nguvu zote zilizobaki. Nilisema nafsini, hata kama nakufa, hatonimaliza kwa kunitilia mwenyewe mdomoni.

"Fungua mdomo, Mize."

Sikufungua. Na Bi Zuena, aliyesikia ndoo kwake, akaingia kwa mlango wa uwani.

"We mwanamke, una wazimu? Mwenye sukari unampa sukari? Unamuua!"

Akalipiga bakuli, maji yakamwagika mchangani.

Bi Mwanakheri alirudi ndani, akaja na kopo zima, akamsukuma Bi Zuena kwa bega akakaa chini. Akachota sukari kwa vidole, akaupenyeza mkono shavuni mwangu, baina ya shavu na meno, akaipaka humo kama mtu anayeziba ufa.

"Nesi kasema. Meza. Ukitaka kunitukana, meza kwanza."

Sikumeza kwa imani, nawaambia ukweli. Nilimeza kwa sababu sikuwa na nguvu ya kutema.

Akapaka tena, na tena. Na Mola, aliyeuambia moto uwe baridi kwa Nabii Ibrahim, aliiamrisha ile sukari iliyokuwa haramu kwangu ikawa ndiyo uhai wangu. Ukuta ukarudi mahali pake. Moyo ukatulia. Jasho likakauka. Nikaona uso wa wifi yangu juu yangu, umejaa chembe za nazi, na neno langu la kwanza likawa, "Ulitia nini kwenye uji?"

"Pilipili manga," akasema. "Uji wako hauna ladha kama wewe, na nnaumaliza mimi ukiubakisha."

Bi Zuena akaninong'oneza sikioni, "Labda sumu yake ni ya polepole."

Mtu mwengine angeishia hapo, akalia, akamkumbatia wifi yake. Mimi sikukumbatia mtu. Alipokuja nesi nilimtuma Bi Mwanakheri mferejini, nikamuuliza nesi kile kitu ni nini kilichonipata. Akasema sindano inateremsha sukari mwilini. Kazi ya mwili nayo inateremsha. Vikikutana viwili hivyo na tumbo tupu, sukari inashuka kupita kiasi, na mtu anaweza kufa nayo haraka kuliko ile ya kupanda. Nikamuuliza walinong'ona nini. Akasema, nilimwonya wifi yako akupe sukari ukianza kutetemeka, kwa sababu wewe, bibi, ulinitazama kama mwizi. Kisha nikamwambia aende zake. Bi Mwanakheri akarudi, nikamuuliza yale yale. Maneno yakalingana. Nikasema, sawa. Lakini watu wawili wanaweza kupanga uongo mmoja.

Basi asubuhi ya pili nikafanya jambo. Kichupa cha nesi niliomba wifi yangu akijaze yeye. Alicheka mpaka akakaa chini, lakini alikijaza. Nesi akachemsha, mimi nimekaza macho, mkono wake nauona, taa naiona. Buluu ikabaki buluu.

"Mashaallah, bibi, leo huna hata chembe!"

"Si wangu," nikasema. "Ni wa huyo mlangoni. Sasa chemsha wangu."

Alinitazama, akataka kukasirika, akashindwa akacheka. Akachemsha wangu. Tofali. Hapo nikaridhika kuwa dawa ile haisemi uongo na haimjui mtu.

Kwa kuwa nimepata shahidi wa kweli, nikaanza. Nala kwanza. Wala sikuanza kwa mbio, maana mwili uliolala muda mrefu ukiushtua unakuvunja. Nilikuwa nikizunguka uwani taratibu, nimeshika ukuta, baadaye nimeachia. Nikichoka nakaa. Nikihisi vidole vinatetemeka, nasimama nalamba sukari kidogo, ile niliyoichota koponi nikaifunga pindoni mwa kanga. Nilifagia kila asubuhi. Nesi alinifundisha nikague nyayo zangu kila jioni, kwa sababu mwenye maradhi haya anaweza kukanyaga msumari asiujue, na toka hapo sikuenda peku tena.

Na wifi yangu alikaa kwenye kigoda akinitazama.

"Punguza, wifi. Watu watasema mjane anajifunza ngoma."

"Na wewe inuka. Umekaa hapo kama mzigo wa karafuu uliokosa gari."

Kile kichupa kikaanza kubadilika. Tofali ikafifia ikawa manjano. Manjano ikaja ikawa kijani, nikasema mwanga wa dirisha unanidanganya, nikamwambia nesi akilete uwani juani. Kijani. Uvimbe wa miguu ukashuka, usingizi ukarudi. Sikupona sukari, msiniwekee maneno mdomoni. Sindano naichoma mpaka leo, na ziko siku tofali inarudi, hasa nikiugua au nikikaa. Lakini alasiri moja nimesimama kwenye sala, nilipofika sijida, magoti yakakunjika. Yaliuma, lakini yalikunjika. Paji langu la uso likagusa mkeka. Nilikaa pale chini muda mpaka Bi Mwanakheri akadhani nimeanguka tena, akaja mbio na kopo la sukari.

Eda ilipoisha nilikoshwa, nikavaa nguo safi, nikatoka kwa miguu yangu mpaka hospitali kumshukuru daktari. Bi Zuena alitaka kuniitia gari. Nikamwambia apande yeye.

Bi Mwanakheri akafunga mzigo wake kurudi kwao. Nikamuuliza mbele ya mlango, lile nililokuwa nalo moyoni siku zote: "Wifi, kwa nini uliacha kunishika mkono? Kwa nini uliniwekea kila kitu mbali?"

Nilidhani atasema alikuwa ananitakia afya. Akapandisha mzigo kichwani.

"Mgongo ulikuwa ukiniuma. Wewe ni mzito, mwanamke. Nilisema, huyu ama atainuka, ama atakufa nikarithi nyumba. Yote mawili nilikuwa tayari."

Akacheka, akashika njia. Ndugu zangu, mpaka leo sijui lile la pili lilikuwa utani kiasi gani.

Lakini natazama kazi ya Mola wangu. Hakuniletea malaika. Aliniletea wifi mwenye mgongo mbovu na nesi mwenye haraka, na kwa hao akaniinua. Basi wewe uliyelala, muulize daktari wako mwili wako unaweza nini, kula kwanza, weka sukari karibu, kisha inuka. Aliyekwambia ulale, mchunguze. Na anayekwambia uinuke, mchunguze vile vile. Mimi binadamu namhoji peke yake, kisha namhoji mwenziwe. Mwenyezi Mungu tu ndiye nisiyemhoji. Mwaminini, ndugu zangu, na muinuke mkamshukuru mkiwa mmesimama.